Doksisaiklini kwa mgeni anayekuja Tanga: inazuiaje malaria, na nani asiinywe

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu anaishi Gothenburg, Uswidi, mwaka wa 14 sasa. Anakuja Tanga na mke wake na watoto wao wawili, wa miaka 6 na 9, kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Watafika tarehe 14 Desemba na kuondoka tarehe 4 Januari. Watakaa kwetu Ngamiani, watakwenda Pangani, kisha Muheza kijijini kwa bibi. Daktari wa huko amempa yeye na mkewe doksisaiklini wanywe kila siku, na watoto wamepewa dawa ya atovakwoni na proguanili. Alipotuonyesha pakiti kwenye simu, shangazi, ambaye aliwahi kuuza duka la dawa, alisema hiyo ni dawa ya magonjwa ya zinaa, na mama amenuna mpaka leo. Naomba kujua: antibayotiki inazuiaje malaria wakati malaria si bakteria? Kwa nini wakubwa waendelee kunywa wiki nne baada ya kurudi na watoto wiki moja tu? Mdogo wangu mwenyewe anasema amezaliwa Tanga na haoni haja. Na sisi tunaokwenda Muheza mara kwa mara, tunywe pia?

JIBU: Marahaba. Nianze na lile lililomnunisha mama, kwa sababu nyumba yenye harusi haihitaji mashaka ya namna hiyo. Shangazi hakukosea. Doksisaiklini hutibu klamidia na baadhi ya magonjwa mengine ya zinaa, na wauza dawa wengi wa mjini kwetu wameizoea kwa kazi hiyo. Lakini dawa hiyo hiyo hutumika kwa kipindupindu, kwa homa ya papasi, kwa chunusi sugu na kwa nimonia za aina fulani, na kwa wasafiri waendao nchi zenye malaria ni miongoni mwa dawa za kinga zinazopendekezwa rasmi tangu miaka mingi. Maandishi ya kwenye pakiti yanatosha kumaliza ubishi: miligramu 100 mara moja kwa siku, kwa majuma kadhaa, tarehe zikiifuata safari, hayo ni maagizo ya kinga ya malaria. Anayetibiwa klamidia hunywa miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, na hapo dozi yake imekwisha. Mama asomewe hayo.

Sasa hoja yako kwamba malaria si bakteria, ambayo ni hoja ya haki. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium, na huku kwetu mkosaji mkuu ni Plasmodium falciparum. Antibayotiki nyingi hazina la kumfanya. Amoksilini, kwa mfano, huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wao, na kimelea cha malaria hakina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo anayesafiri na amoksilini mfukoni akidhani amejikinga malaria hana kinga yoyote. Metronidazoli nayo haikingi malaria. Doksisaiklini hupita njia nyingine: huzuia ribosomu za bakteria, yaani mitambo midogo ya ndani ya seli inayotengeneza protini, zisifanye kazi.

Kilichowashangaza wanasayansi ni kwamba kimelea cha malaria, ingawa si bakteria, kimebeba ndani yake kiungo chenye asili ya kibakteria. Zama za kale sana mzazi wa vimelea hivi alimeza mwani mdogo wa majini, na mwani huo ulikuwa na kiungo cha kutengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambacho chenyewe kilitokana na bakteria. Mwani ulipotea, kiungo kikabaki. Leo kinaitwa apikoplasti. Hakitumii mwanga tena, lakini kina vinasaba vyake chenyewe na ribosomu zinazofanana na za bakteria, na hutengeneza malighafi ambayo kimelea hakiwezi kuishi bila hiyo. Kilitambuliwa katika miaka ya 1990, wakati madaktari walikuwa tayari wamekwisha kuona kwamba doksisaiklini inazuia malaria bila ya kuwa na maelezo kamili ya sababu.

Namna dawa inavyoua ndiyo inayoeleza masharti yake yote, hivyo nitakaa hapo kidogo. Kimelea kilichomo ndani ya chembe nyekundu ya damu wakati dawa inaingia hakifi papo hapo. Huendelea kukua, hupasua chembe, huzaa kama kawaida. Watoto wake ndio wanaorithi apikoplasti mbovu, nao huingia katika chembe mpya na kufia humo bila kuzaa. Kwa kuwa mzunguko mmoja wa falciparum huchukua takribani saa 48, kazi ya dawa hukamilika baada ya siku tatu au nne. Mtu ambaye homa imeshampanda hana nafasi ya kusubiri siku nne huku vimelea vikiongezeka, na kwa sababu hiyo doksisaiklini peke yake si tiba ya malaria. Katika kinga hali ni tofauti: dawa iko tayari ndani ya damu siku vimelea vya kwanza vinapotoka ini, vikiwa bado wachache, na kizazi cha pili kinapokufa mtu hajahisi hata uchovu.

Watu wa Pangani wamewahi kushuhudia dawa hii ikitumika kwa mbinu inayokaribiana na hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifanyika huko kwa wanaume waliokuwa na minyoo ya matende, ambao walipewa doksisaiklini kwa wiki 8. Minyoo ile nayo si bakteria, lakini ndani yake huishi bakteria aitwaye Wolbachia anayeisaidia kuishi na kuzaa, na bakteria alipouawa minyoo mikubwa nayo ilikufa kwa wingi. Katika matende na katika malaria, antibayotiki humpiga mdudu mkubwa kupitia kitu cha kibakteria alichokibeba.

Turudi kwenye wiki nne. Mbu anapomuuma mtu, vimelea havikai katika damu siku hiyo. Ndani ya muda mfupi hukimbilia ini na kujificha humo kwa takribani juma moja, vikiongezeka kimya kimya, kabla ya kumwagika kwenye damu. Doksisaiklini haitegemewi kuvimaliza vikiwa ini. Inavisubiri mlangoni. Kwa hiyo mbu atakayemuuma mdogo wako usiku wa mwisho huko Muheza anaweza kupanda mbegu ambayo itachipua akiwa ameshavaa koti lake la baridi Gothenburg, na akiwa ameacha dawa siku ya kushuka ndege, itamkuta hana kitu. Wiki nne zimewekwa ili hata vimelea vinavyochelewa kutoka ini vikute mlinzi yupo. Dawa ya watoto, ile ya atovakwoni na proguanili, hushambulia vimelea vikiwa bado ndani ya ini, na ndiyo maana siku 7 baada ya kuondoka zinatosha. Daktari hakuwapendelea watoto wala kuwapunja.

Kwa tarehe ulizonipa, wakubwa waanze tarehe 12 Desemba, siku mbili kabla ya kufika, waendelee siku zote 22 za kuwapo hapa, kisha siku 28 baada ya kuondoka, hadi tarehe 1 Februari. Hiyo ni jumla ya vidonge 52 kwa kila mtu, na avihesabu kabla ya kupanda ndege, kwa maana katika yote haya sehemu inayovunjwa zaidi ni ile ya baada ya safari: mtu yuko kwake, ni mzima, kazini wanamsubiri, na kidonge kinaonekana ni kero tu. Watoto waanze tarehe 12 au 13 na kumaliza tarehe 11 Januari.

Kuhusu kuzaliwa Tanga, nasema kwa heshima kwamba cheti cha kuzaliwa hakizuii malaria. Mtu anayeishi huku na kuumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka hujenga kinga ya kiasi, si ya kuzuia maambukizi kabisa bali ya kupunguza ukali wake, na kinga hiyo huhitaji kuamshwa kila mara ili isififie. Aliyekaa Ulaya miaka 14 amepoteza sehemu kubwa ya ulinzi huo, na hatujui kimebaki kiasi gani. Watoto wake waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nao, hata kama majina yao ni ya Kidigo au Kibondei. Nchini Uingereza, sehemu kubwa ya wanaogundulika na malaria ni watu waliokwenda Afrika kutembelea ndugu zao, si watalii wa hotelini. Mtalii hunywa dawa kwa sababu anaogopa. Mwenyeji anayerudi hulala chumba alichokulia, mara nyingi bila chandarua, akijiona yuko nyumbani.

Wazee watakaomshauri aachane na hayo anunue klorokwini hapa hapa, wasikilizwe kwa adabu na wasifuatwe. Klorokwini iliondolewa katika matibabu ya kawaida ya malaria Tanzania mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na haipendekezwi kama kinga kwa msafiri wa huku. SP (sulfadoksini na pirimethamini) iliyochukua nafasi yake nayo ilipitwa, na tangu miaka ya 2006 na 2007 tukahamia dawa mseto, yaani zile zinazochanganya artemisinini na dawa nyingine.

Yapo makundi ambayo doksisaiklini si yao. Mjamzito asiinywe, na ikiwa mke wa mdogo wako ana mimba au anaitafuta, amweleze daktari wake kabla ya safari, kwa sababu ipo dawa nyingine ya kila wiki, meflokwini, inayoweza kumfaa, ingawa hiyo nayo haifai kwa mwenye kifafa au historia ya sonona na maradhi mengine ya akili. Watoto wadogo hawapewi kwa kuwa dawa za jamii hii hujishika kwenye meno yanayokua na kuyaacha na madoa ya kudumu. Nchi nyingine huweka mpaka wa miaka 8, nyingine miaka 12, na bila shaka ndiyo sababu mtoto wa miaka 9 amewekwa pamoja na mdogo wake. Basi asitokee mjomba mkarimu wa kumgawia mtoto nusu ya kidonge cha baba kwa kuwa chake kimeanguka mchangani. Dawa ya watoto hupimwa kwa uzito, na inywewe na chakula chenye mafuta au maziwa ili iingie vizuri mwilini. Wali wa nazi unafaa kabisa.

Namna ya kuimeza doksisaiklini ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kosa la kawaida ni hili: mtu amekwisha kujilaza, chandarua kimechomekwa chini ya godoro, anakumbuka kidonge, anakitia mdomoni, anakisindikiza na funda moja la kahawa iliyobaki kikombeni, kisha anageukia ukutani na kulala. Kidonge hakifiki tumboni. Hunasa katikati ya kifua, huyeyuka hapo hapo, na kwa kuwa doksisaiklini ina ukali wa tindikali, hutoboa kidonda kwenye umio. Asubuhi yake hata kumeza mate ni kama kumeza kaa la moto, na wengine hukimbilia hospitali wakidhani ni moyo. Kinywewe pamoja na chakula cha mchana au cha jioni, kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa au amesimama, na asilale kwa muda wa saa nzima baadaye. Chai ya maziwa hupunguza kidogo tu nguvu ya dawa, lakini vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia huishika isipite kwenye utumbo, kwa hiyo ziachane kwa saa mbili au tatu. Siku akisahau, anywe mara anapokumbuka bila kurudufu dozi; dawa hii haikai mwilini muda mrefu, na siku mbili tatu za kusahau huacha mwanya wa kweli.

Jua nalo. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi kuliko kawaida, na Desemba ya pwani mnaijua. Siku ya kwenda Raskazone au kuogelea Pangani wavae nguo za mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua, hasa mkewe kama ngozi yake ni nyeupe. Mafuta ya jua yatangulie, ya kufukuza mbu yafuate juu yake. Wanawake wengine hupata fangasi ukeni wakati wa kutumia dawa hii, jambo linalotibika kwa urahisi, na ni afadhali mkewe ajue mapema kuliko kudhani amepatwa na jingine, hasa baada ya maneno ya shangazi. Wanaotumia dawa za kifafa au dawa za kuzuia damu kuganda wamwambie daktari, na kama kuna anayetaka chanjo ya homa ya matumbo ya vidonge, aimalize kabla ya kuanza, kwa kuwa antibayotiki huiua chanjo hiyo.

Hakuna dawa ya kinga iliyo kamili, na harusi zetu ni karamu kwa mbu. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa zile zile ambazo wageni wamekaa kwenye mikeka uani, ngoma inalia, miguu wazi. Anapenda vifundo vya miguu. Suruali ndefu, soksi hata kama zitachekwa, na dawa ya kupaka yenye DEET zitafaa zaidi kuliko udi na mshumaa wa kufukuza mbu uliowekwa pembeni. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa hata kama wakubwa wanakesha, na cha kwa bibi Muheza kikaguliwe matundu kabla wageni hawajafika, kwa sababu Desemba ni mwisho wa vuli na maji ya mvua yamesimama kila mahali. Mchana wapo mbu wengine, wa dengi, ambayo mwaka 2019 ilisumbua Dar es Salaam na Tanga. Doksisaiklini haiwazuii hata kidogo. Homa ikimpata mmoja wao katika siku tano za kwanza, malaria ya safari hii haiwezi kuwa imeshaiva, na dengi ifikiriwe. Apewe parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, na apelekwe kupimwa.

Ninyi mnaoishi Ngamiani na kwenda Muheza, msinywe doksisaiklini. Safari zenu hazina mwisho, na antibayotiki inayonywewa mwaka mzima hufundisha bakteria wa tumboni na wa ngozini kuizoea, ili siku mtakapoihitaji kwa ugonjwa wa kweli isifanye kazi. Kinga yenu ni chandarua, kupima mapema, na dawa za kinga kwa makundi maalumu tu: wajawazito hupewa SP kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa kuachana angalau mwezi mmoja kila dozi, isipokuwa wanaotumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, na wenye selimundu hufuata maelekezo ya kliniki yao. Wala msimeze dozi ya mseto kabla ya kwenda kijijini eti kujikinga. Nimesikia tabia hiyo mara nyingi na sipendi kuisikia. Dawa hiyo ndiyo tegemeo letu la tiba, na vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini tayari vimeripotiwa mkoani Kagera. Kuitumia ovyo ni kuvisaidia vifike huku.

Mdogo wako huenda akataka kununua mseto aubebe Gothenburg kama akiba, kama wafanyavyo wengi wanaoishi nje. Sina ugomvi na dawa kukaa kabatini. Ugomvi wangu ni kuimeza kwa kukisia, huku kipimo hakijafanyika na homa ni ya kitu kingine, au ni malaria kali inayohitaji sindano ya artesuneti. Mmoja wao akipata homa, baridi, maumivu ya kichwa au hata kuharisha na kutapika, kwa mtoto hasa, kuanzia juma la kwanza la kuwa hapa hadi miezi mitatu baada ya kurudi, na kwa tahadhari hadi mwaka mzima, aende hospitali siku hiyo hiyo na sentensi yake ya kwanza kwa muuguzi wa mapokezi iwe kwamba ametoka Tanzania, tarehe fulani, na alikuwa akinywa dawa fulani. Daktari wa Ulaya wakati wa baridi huona mafua kila dakika na hawezi kufikiria Muheza asipoambiwa. Apimwe damu, na jibu la kwanza likiwa halionyeshi vimelea huku homa ikiendelea, kipimo kirudiwe ndani ya siku moja au mbili.